Jua Katikati, Dunia Pembeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shule ya msingi tulikariri sentensi moja: dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na robo. Sentensi hiyo ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili kukubalika, na waliokuwa wakiikataa hawakuwa wajinga kama tunavyosimuliwa. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mada hii inapozuka.

Nani alikuwa wa kwanza kusema dunia ndiyo inayolizunguka jua?

Kwa kadiri maandishi yaliyobaki yanavyoonyesha, ni Mgiriki aitwaye Aristarchus, wa kisiwa cha Samos, aliyeishi kwenye karne ya 3 KK. Kitabu alichoeleza wazo hilo kimepotea. Tunalijua kwa sababu Archimedes alilitaja kwa ufupi katika kitabu chake cha kuhesabu chembe za mchanga.

Kazi moja tu ya Aristarchus imetufikia, nayo inapima ukubwa wa jua na mwezi na umbali wao. Aliutazama mwezi ukiwa nusu kamili, akapima pembe kati yake na jua, akapata nyuzi 87. Kutokana na pembe hiyo akasema jua liko mbali mara 18 hadi 20 kuliko mwezi. Alikosea sana, maana jibu sahihi ni karibu mara 400, lakini hata kwa hesabu hiyo yenye kasoro jua lilitoka kubwa kuliko dunia mara kadhaa. Ukishajua hivyo, swali linakuja lenyewe: kwa nini kikubwa kikizunguke kidogo?

Karne moja baadaye Seleucus wa Seleucia, huko Mesopotamia, aliuunga mkono msimamo huo. Baada yake, kimya kirefu.

Kama Wagiriki walishasema, kwa nini wenzao hawakukubali?

Kwa sababu hoja za upande wa pili zilikuwa nzito. Tuzichukue kwa uzito wake.

Ya kwanza ni ya mwili wako mwenyewe: huhisi kitu. Ya pili ni jiwe. Lirushe juu wima, litaanguka pale pale ulipo. Kama ardhi inakimbia chini yake, mbona haliangukii kwa jirani? Ya tatu ni mawingu na ndege wa angani, ambao wangeachwa nyuma siku nzima wakisukumwa upande mmoja.

Lakini iliyouma kuliko zote ni ya nyota. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya uso, kisha kitazame kwa jicho la kushoto tu, halafu la kulia tu. Kidole kinaruka kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Hakijasogea, ni wewe uliyebadilisha mahali pa kutazamia. Sasa, kama dunia inalizunguka jua, basi Januari tuko upande mmoja wa jua na Julai upande wa pili, mamilioni ya kilomita mbali. Nyota zilizo karibu zingepaswa kurukaruka mbele ya zile za mbali, kama kidole kile. Hali hiyo huitwa paralaksi. Watu walizitazama nyota kwa makini, mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata moja iliyosogea.

Upande wa Aristarchus ulikuwa na jibu: nyota ziko mbali mno, kiasi kwamba msogeo wake hauonekani. Alikuwa sahihi. Lakini jiweke mahali pa msikilizaji wa wakati ule. Mtu anakuambia jambo linalopingana na macho yako, ukimwomba ushahidi anajibu kwamba ushahidi upo ila ni mdogo mno kuonekana. Ungemwamini? Mimi nisingemwamini.

Ptolemy alisema nini, na kwa nini alisikilizwa miaka 1,400?

Claudius Ptolemy aliandika mjini Aleksandria, Misri, mnamo mwaka 150 BK. Kitabu chake kikuu tunakiita hadi leo kwa jina walilolitumia Waarabu, Almagest. Humo dunia imetulia katikati, na mwezi, jua na sayari vinaizunguka.

Shida iliyomsumbua ilikuwa ya sayari kama Mirihi. Usiku baada ya usiku Mirihi husogea kuelekea mashariki kati ya nyota. Halafu, kila baada ya miezi 26 hivi, husita, hurudi nyuma kwa wiki kadhaa, husita tena, kisha huendelea na safari. Ptolemy alilitatua hilo kwa kuweka duara juu ya duara: sayari inazunguka kwenye duara dogo, na duara hilo dogo linabebwa na duara kubwa linaloizunguka dunia. Hesabu zikagoma kidogo, akaongeza nukta nyingine pembeni ya kitovu, ambako mwendo ungeonekana wa kasi isiyobadilika.

Ni mtambo wenye vipuri vingi, sikatai. Ila ulifanya kazi. Ukitaka kujua Mshtarii atakuwa wapi mwakani, ulifungua majedwali, ukapiga hesabu, ukampata karibu na pale ulipoambiwa. Ndiyo maana ulidumu.

Wanafalaki wa Kiislamu walikuwa na mchango gani?

Mkubwa kuliko vitabu vingi vya shule vinavyokiri. Sisi wenyewe majina tunayoziita sayari, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zuhali, tumeyapokea kutoka Kiarabu, na neno lenyewe "sayari" linatokana na kusafiri.

Kwenye karne ya 11 Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Ptolemy. Kilichomkera ni ile nukta ya pembeni: ilikuwa ujanja wa karatasini, haiwezekani kuwa ndivyo mbingu zinavyokwenda kweli. Mwaka 1259 ulianza ujenzi wa kituo cha kutazamia nyota huko Maragha, Uajemi, chini ya Nasir al-Din al-Tusi, naye alibuni njia ya kuunganisha mizunguko miwili ili itoe mwendo wa kwenda na kurudi kwenye mstari ulionyooka. Karne iliyofuata, Ibn al-Shatir, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya mjini Dameski, aliiondoa kabisa nukta ile.

Hawa wote waliiacha dunia katikati, na si haki kuwapa sifa wasiyoidai. Lakini mwendo wa mwezi katika kitabu cha Copernicus, tutakayemfikia kwenye swali linalofuata, unalingana kihesabu na ule wa Ibn al-Shatir, na mbinu ya al-Tusi imo pia. Namna hesabu hizo zilivyofika Ulaya wanahistoria bado wanaijadili.

Copernicus aligundua nini hasa?

Hakugundua kitu kipya angani. Alipanga upya.

Nicolaus Copernicus alizaliwa Toruń, Poland, mwaka 1473. Alisoma Kraków, kisha Italia, akahitimu sheria za Kanisa, akasomea na udaktari, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtumishi wa kanisa kuu la Frombork. Nyota zilikuwa kazi ya pembeni.

Alipoliweka jua katikati na kuitia dunia mwendo, mambo mawili yalijipanga yenyewe. La kwanza ni utaratibu wa sayari. Iliyo karibu na jua huzunguka upesi, iliyo mbali hujikokota: Utaridi siku 88, Zuhura 225, dunia mwaka mmoja, Mirihi karibu miaka miwili, Mshtarii 12, Zuhali 29 na ushee. Kwa Ptolemy utaratibu huo haukuwa na ulazima.

La pili ni kule kurudi nyuma kwa Mirihi. Kama umewahi kusafiri na basi la mchana utaelewa mara moja. Basi lenu linalipita lori lililojaa mzigo. Lori linakwenda mbele, lakini ukilitazama dirishani huku nyuma yake kuna milima ya mbali, unaliona linarudi kinyumenyume. Dunia ndiyo basi na Mirihi ndiyo lori. Hatuhitaji tena duara juu ya duara kueleza jambo hilo.

Hata hivyo Copernicus alishikilia kwamba mbinguni hakuna njia nyingine ila duara kamili. Kwa hiyo ilibidi ayarudishe maduara madogo mengine ili hesabu zikubali, na utabiri wake haukuwa bora sana kuliko wa Ptolemy.

Ni kweli aliogopa kuchapisha kwa sababu ya Kanisa?

Alichosema mwenyewe, katika barua ya kumtunukia kitabu Papa Paulo III, ni kwamba aliogopa kuchekwa. Muhtasari wa wazo lake ulikuwa ukipitishwa mkono kwa mkono tangu mnamo 1514. Aliyemsukuma ni kijana Mprotestanti, Georg Joachim Rheticus, aliyemfuata Frombork mwaka 1539 na kuchapisha maelezo ya kwanza mwaka 1540.

Kitabu chenyewe, *De revolutionibus*, kilitoka Nuremberg mwaka 1543, mwaka aliofariki. Msimamizi wa uchapishaji, Andreas Osiander, alikichomekea dibaji isiyo na jina, ikidai kwamba haya yote ni mbinu za hesabu tu na si lazima yawe kweli. Wasomaji wengi wakadhani maneno ni ya Copernicus.

Na aliyechomwa moto ni nani?

Giordano Bruno, Roma, tarehe 17 Februari 1600. Alimuunga mkono Copernicus na alisema kuna malimwengu yasiyo na idadi, lakini mashtaka yake yalijaa mambo ya imani: Utatu, uungu wa Kristo na mengineyo. Kumwita shahidi wa jua ni kurahisisha mno.

Nasikia kulikuwa na mfumo wa tatu. Ni upi?

Ulikuwa wa Tycho Brahe, bwana mkubwa wa Denmark aliyejengewa kituo kwenye kisiwa cha Hven na kupima anga kwa usahihi ambao haukuwahi kufikiwa, bila darubini. Aliitafuta paralaksi ya nyota, asiione. Akaamua hivi: sayari zote zinalizunguka jua, na jua pamoja na msafara wake wote linaizunguka dunia iliyotulia.

Usicheke. Kwa mtu wa mwaka 1600 hilo lilikuwa chaguo la busara kabisa. Lilitoa faida karibu zote za Copernicus bila kumlazimisha mtu kueleza kwa nini hahisi ardhi ikikimbia. Na kama utakavyoona, darubini ya Galileo haikuliangusha.

Kepler anaingia wapi?

Johannes Kepler alifika kwa Tycho karibu na Praha mwaka 1600. Mwaka uliofuata Tycho akafa, na vipimo vyake vikabaki mikononi mwa Kepler.

Alihangaika na Mirihi kwa miaka. Akafikia duara lililokubaliana na vipimo vyote isipokuwa tofauti ya dakika 8 za nyuzi, yaani karibu robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angesema yatosha. Kepler alijua Tycho hakosei kiasi hicho, akalitupa duara na kuanza upya. Mwaka 1609 alichapisha jibu: njia ya Mirihi ni duaradufu, na jua liko kwenye moja ya nukta zake mbili za ndani. Mwaka 1619 akaongeza kanuni inayounganisha umbali wa sayari na muda wake wa kuzunguka. Majedwali aliyoyatoa mwaka 1627 yaliwashinda wote waliotangulia, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yaliyowavuta wanafalaki wa kazi upande wa jua, kimyakimya, kuliko mabishano yoyote.

Si Galileo ndiye aliyethibitisha?

Alisaidia sana. Hakuthibitisha.

Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 Galileo Galilei aliona vinukta vitatu vimepangana karibu na Mshtarii, baadaye kikaonekana cha nne. Usiku uliofuata vilikuwa vimehama. Ilikuwa miezi ya Mshtarii. Basi si kila kitu kinaizunguka dunia. Mwisho wa mwaka huo akaiona Zuhura ikipungua na kujaa kama mwezi, kutoka hilali hadi duara. Jambo hilo haliwezekani katika mfumo wa Ptolemy. Hapo Ptolemy alikufa. Lakini mfumo wa Tycho unatabiri Zuhura ile ile, miezi ile ile.

Hoja ambayo Galileo mwenyewe aliiona kuwa kiboko ilikuwa ya maji ya bahari kujaa na kupwa: bahari inayumba kwa sababu dunia inajizungusha huku ikilizunguka jua, kama maji kwenye ndoo inayobebwa. Kepler alikuwa amesema ni mwezi unaovuta maji, Galileo akambeza. Kwa maelezo ya Galileo maji yangejaa mara moja kwa siku. Mvuvi yeyote wa Pemba au Lamu angemsahihisha: maji hujaa mara mbili, na bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kubwa la wanasayansi lilikosea pale ambapo mtu wa ngalawa hakosei.

Kesi yake ilikuwaje?

Mwaka 1616 Roma ilitangaza kwamba fundisho la dunia kuzunguka linapingana na Maandiko, na kitabu cha Copernicus kikazuiwa hadi kisahihishwe. Masahihisho yalitolewa mwaka 1620, sentensi chache tu. Galileo alionywa asilitetee wazo hilo kama ukweli. Mwaka 1632 akatoa kitabu cha mazungumzo, kwa Kiitaliano ili wengi wasome, na hoja aliyoipenda Papa Urbano VIII akaiweka kinywani mwa mhusika aitwaye Simplicio, jina linalosikika kama "mpumbavu". Galileo na Papa huyo walikuwa marafiki.

Tarehe 22 Juni 1633, akiwa na miaka 69, alipigishwa magoti na kukana. Alikaa kifungo cha nyumbani hadi kifo chake mwaka 1642. Vitabu vya Copernicus na Galileo viliondolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 1835, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri wazi kwamba waliomhukumu walikosea.

Basi ushahidi wenyewe ulipatikana lini?

Baada ya wengi kuwa wameshaamini. Isaac Newton alionyesha mwaka 1687 kwamba nguvu moja ya mvutano inaeleza kanuni zote za Kepler. Jua lina uzito wa zaidi ya dunia 300,000, na baada ya hapo ni vigumu kulifanya lizunguke kokoto.

Mwaka 1729 Mwingereza James Bradley alitangaza kwamba nyota zote huchora kiduara kidogo kila mwaka. Alikuwa akitafuta paralaksi, akakuta kitu kingine. Tembea haraka kwenye mvua isiyo na upepo: utauinamisha mwavuli mbele, ingawa mvua inanyesha wima. Nuru ya nyota nayo "hutujia kwa mbele" kwa sababu tuko mwendoni. Huo ndio ushahidi wa kwanza wa moja kwa moja kwamba dunia inasafiri, miaka 186 baada ya Copernicus.

Paralaksi yenyewe ilipatikana mwaka 1838, Friedrich Bessel alipoipima nyota 61 Cygni. Afrika ilikuwa karibu kumtangulia. Thomas Henderson alipima Alpha Centauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, lakini akachelewa kupiga hesabu na kuchapisha hadi 1839. Alichokuwa akikitafuta ni kidogo kama upana wa sarafu ya sentimita mbili na nusu ukiitazama kutoka kilomita 7. Ndiyo maana Wagiriki hawakukiona.

Mwaka 1851 Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwenye waya wa mita 67 mjini Paris, watu wakaona mstari wa kubembea kwake ukigeuka taratibu kwa sababu ya dunia kujizungusha. Kwetu jaribio hilo halipendezi. Paris mstari humaliza mzunguko kwa saa 32 hivi, Dar es Salaam ungehitaji siku nane na zaidi, Nairobi zaidi ya 40, na juu ya ikweta haugeuki kabisa. (Vijana wanaowaonyesha watalii maji ya beseni yakigeuza mzunguko hatua chache kutoka mstarini wana mikono myepesi, basi.)

Kwa nini hatuhisi mwendo wa kilomita 30 kwa sekunde?

Kwa sababu mwendo wenyewe hauhisiwi, kinachohisiwa ni kubadilika kwake. Ndani ya ndege iliyotulia angani unamimina chai bila shida. Jiwe, mawingu na ndege wa angani wote wamo safarini pamoja na ardhi.

Kwa hiyo jua ndilo kitovu cha ulimwengu?

Hapana. Mwaka 1918 Harlow Shapley alionyesha kwamba jua liko mbali na kitovu cha galaksi yetu. Leo tunakadiria miaka-nuru 26,000, yaani umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka 26,000. Hata kwenye familia yake lenyewe halijatulia: Mshtarii hulivuta, na nukta ambayo jua na sayari huizunguka pamoja wakati mwingine huangukia nje ya uso wa jua.

Naweza kuona chochote kwa macho yangu?

Vitatu. Kwanza Kilimia. Wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mnamo Mei hukioni kwa sababu, kutoka tulipo kwenye mzunguko wetu, jua limesimama upande wake. Juni kinarudi alfajiri mashariki, kwa kuwa tumesogea. Pili, jioni za Mei na Juni tazama kusini, utafute Msalaba wa Kusini na nyota mbili kali zinazouelekea. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri ya Henderson, miaka-nuru 4 na kitu.

Tatu, miezi ya Mshtarii. Darubini ya kawaida ya macho mawili, ya kutazamia wanyama mbugani, inatosha. Chora unachokiona, rudia kesho yake saa ile ile, linganisha. Na egemeza viwiko ukutani, la sivyo vinukta vitakuchezea ngoma usione kitu.